Neno "get" la Kiingereza: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia

Soma kifungu hiki polepole, hata kama Kiingereza chako bado ni cha kuombea maji:

"I got up late, got dressed, got on the bus and got to work at nine. My boss got angry. I tried to get him to listen, but he didn't get it. I've got to get a new alarm clock before I get fired."

Get imetokea humo mara kumi. Sasa tukisimulie kisa hicho hicho kwa Kiswahili cha kila siku:

"Nilichelewa kuamka, nikavaa, nikapanda basi na kufika kazini saa tatu. Bosi akakasirika. Nikajaribu kumfanya anisikilize, lakini hakuelewa. Lazima ninunue saa nyingine ya kengele kabla sijafukuzwa kazi."

Litafute neno "pata" humo. Halipo hata mara moja. Na bado ukimuuliza mwanafunzi maana ya get atakujibu bila kusita: kupata. Hajakosea, ila jibu lake litamfaa siku chache tu, na siku nyingine zote litampoteza.

Kwa nini iko hivi? Sisi tukitaka kugeuza maana ya kitenzi tunakinyambua. Vunja, vunjika, vunjwa, vunjisha: tumebadilisha mkia tu na maana zimekuwa nne. Kiingereza hakina mikia ya namna hiyo. Msemaji wake huchukua get, akaibandikia neno jingine baada yake, na neno hilo la pili ndilo linalobeba mzigo wa maana. Kwa hiyo ukikutana na get usiikodolee macho yenyewe. Tazama kinachoifuata. Ni nomino? Kivumishi? Kitenzi? Mahali? Jibu la swali hilo ndilo maana yenyewe, na hatua zote zilizo hapa chini ni kuliuliza tu swali hilo kwa utaratibu.

Neno lenyewe lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zama za kale; kwao lilikuwa geta. Kiingereza chenyewe kilikuwa tayari na ndugu wa neno hilo waliofichama ndani ya maneno mengine, na mmoja wao unamtumia kila siku: forget. Ndiyo maana get, got inafanana na forget, forgot. Wala usidhani get ndiyo bingwa wa maana nyingi. Katika kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 bingwa alikuwa set, akiwa na maana zipatazo 430, na wahariri wa toleo linalofuata walipofika kwenye run wakahesabu 645 kwa kitenzi peke yake. Umeona lakini nilivyoandika "zipatazo"? Pata yetu nayo si ya mchezo: kisu kikali kinapata, jua linapatwa, na mtu akikuelewa anakwambia "nimekupata". Tusiwacheke Waingereza sana.

Hatua ya kwanza: get ikifuatwa na nomino

Hapa ndipo "kupata" inapofanya kazi vizuri zaidi. "Get a job" ni kupata kazi, "get permission" ni kupata ruhusa. Ila nomino ikibadilika, kitenzi cha Kiswahili nacho hubadilika. Jiulize: kitu hiki mtu hukipataje kwa kawaida? Barua hupokewa, basi "I got your letter" ni "nimepokea barua yako". Vitu vya dukani hununuliwa, basi "I got these shoes yesterday" ni "viatu hivi nilivinunua jana". Basi hupandwa, ugonjwa humshika mtu, kifungo mtu hufungwa: "He got five years" ni "alifungwa miaka mitano", na asikutishe mtu kwa kutafuta neno la jela ambalo halimo.

Akitajwa mtu katikati, maana huwa ni kuleta au kutafutia. "Get me a chair" ni "niletee kiti". Kiambishi chetu -e-, kile cha kutendea, ndicho kilichojificha hapo.

Kisha yapo matumizi ya nyumbani ambayo vitabu vingi vya shule huyaruka. Kengele ya mlango imelia, mtu anasema "I'll get it". Hapati kitu; anakwenda kufungua. Simu imelia, "can you get that?" ni "hebu pokea". Mmemaliza kula, mwenzako anasema "I'll get this": tulia, atalipa yeye.

Na kuna "I get it", yaani naelewa. Mtu akikueleza jambo ukajibu "got it", umesema "nimekupata" karibu neno kwa neno, kwa hiyo hii isikusumbue hata kidogo. "Don't get me wrong" ni "usinielewe vibaya".

Hatua ya pili: get ikifuatwa na kivumishi

Hapa ndipo pa kukaa kitako, maana makosa yetu mengi yanazaliwa hapa.

Get pamoja na kivumishi maana yake ni kuingia katika hali fulani. Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi kizima kwa kila hali, na kitenzi hicho ndicho jibu: get tired ni kuchoka, get old ni kuzeeka, get fat ni kunenepa, get angry ni kukasirika, get drunk ni kulewa, get wet ni kulowa, get rich ni kutajirika. Tatizo linaanza tunapotaka kurudi upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa sababu ya -me- yetu.

Chukua "nimechoka". Kwa umbo ni tendo lililokamilika, kwa maana ni hali ya sasa hivi. Mwanafunzi anaitazama ile -me-, anakumbuka kwamba alifundishwa -me- ni have, anaandika "I have tired". Kiingereza hicho hakipo. Ukiwa umechoka sasa, hali imeshaingia, kwa hiyo get haihitajiki kabisa: "I'm tired". Get inahitajika pale unapozungumzia kule kuingia kwenyewe. Ziweke sentensi nne kwa mstari uone:

"I'm tired" ni nimechoka.
"I'm getting tired" ni nimeanza kuchoka.
"I got tired" ni nilichoka, yaani kuna wakati sikuwa nimechoka, kisha uchovu ukaingia.
"I get tired easily" ni huwa nachoka upesi.

Zikariri hizo nne, kisha badilisha kivumishi tu. Weka angry, weka hungry, weka bored. Ndani ya nusu saa utakuwa umepata sentensi ishirini sahihi, na kosa la "I have angry" litakuwa limekwisha.

Umbo la getting lina raha yake ya pekee, kwa sababu linaonyesha jambo likiwa njiani. "It's getting dark" ni giza linaingia. "The tea is getting cold" ni chai inapoa. Ukitaka kusema jambo linazidi, rudia kivumishi: "It's getting worse and worse" ni hali inazidi kuwa mbaya.

Mitego miwili. Wa kwanza: si kila hali huingiwa kwa get. Kupofuka, kuwa kiziwi, kuota upara na kuharibika kwa chakula, Kiingereza huvipa go: go blind, go deaf, go bald, go bad. Usiniulize mantiki yake, kariri. Wa pili: get haikugeuzi kuwa mtu wa kazi fulani. Ukitaka kusema dada yako amekuwa mwalimu ukaandika "She got a teacher", umesema amepata mwalimu, labda wa kumfundisha hesabu. Hapo sharti become.

Hatua ya tatu: get ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi

Namaanisha lile umbo la paid, broken, stolen, ambalo walimu hulipanga kwenye safu ya tatu ya jedwali. Mara nyingi hii ni kauli yetu ya kutendwa. Get paid ni kulipwa, get fired ni kufukuzwa kazi, get caught ni kukamatwa.

Utauliza: sasa "he was fired" na "he got fired" zina tofauti gani? Tukio ni lile lile. Ya kwanza ni ya taarifa ya habari, ya pili ni ya mazungumzo, na mara nyingi ina harufu ya mkosi, bahati, au mtu kujitakia mwenyewe. Ila get hii inapenda matukio na haipendi hali zinazodumu. Mji uliozungukwa na vilima "is surrounded by hills"; ukisema "gets surrounded" msomaji ataona vilima vikiujia mji kwa miguu.

Maneno mengine ya kundi hili hayana mtendaji wa nje, ni mambo ambayo mtu hujifanyia au humtokea: get dressed ni kuvaa, get hurt ni kuumia, get lost ni kupotea. Ukimwamuru mtu "Get lost!" hapo si kupotea tena, ni "tokomea!", na msipeane mkono baadaye.

Get married inastahili sentensi zake. Sisi tunatenganisha kuoa, kuolewa na kuoana. Kiingereza kinawaweka wote kapu moja: he got married, she got married, they got married. Ukimtaja mwenzi, kihusishi ni to, si with, ingawa "kuoana na" yetu inakuvuta huko. "She got married to a doctor."

Hatua ya nne: get ikifuatwa na mahali

Hii ni fupi. Get pamoja na mahali ni kufika: "We got to the station at six", tulifika kituoni saa kumi na mbili. Kumbuka kuigeuza saa, kwa sababu anayejua get vizuri akasahau saa sita za tofauti bado atakosa treni. Mbele ya mahali huwa kuna to, isipokuwa home, here na there, ambazo haziitaki: "I got home late", kamwe si "got to home".

Hatua ya tano: "get to" inayofuatwa na kitenzi

Hapa Kiswahili kinakubeba mgongoni. Tunasema "nilipata kumwona" tukimaanisha nafasi ilipatikana, bahati iliangukia kwangu. Kiingereza kinasema "I got to see her", na ni maana ile ile. "The children get to stay up late on Saturdays": Jumamosi watoto huruhusiwa kuchelewa kulala.

Tatizo ni pacha wake. "I've got to see her" ni lazima nimwone, sina budi. Kati ya bahati na lazima kuna kijisauti kimoja tu, kile 've, na watu wengi wakizungumza haraka hukimeza. Wakikimeza, mara nyingi got to nayo hugandana ikawa gotta, na gotta ni ya lazima. Ukisikia gotta, ni wajibu. Ukisikia got to imetamkwa kwa kutua kidogo, tena kwa habari ya zamani, yaelekea ni bahati.

Hatua ya sita: kufanyiwa na kufanyisha

Niliwahi kumwambia mgeni mmoja, kwa kujiamini kabisa, "I cut my hair yesterday". Akanizunguka, akanitazama kisogo, akauliza kwa mshangao wa kweli nilikuwa nimeshikaje kioo. Mimi nilikuwa nimetoka kwa kinyozi.

Kosa halikuwa langu peke yangu, ni la lugha yetu. Kwa Kiswahili mtu husema "nimenyoa", "nimetengeneza simu", "nimejenga nyumba", na hakuna anayedhani alishika mkasi, bisibisi au mwiko. Kiingereza kinakuchukua kwa neno lako. Kama kazi ilifanywa na fundi, tumia get, kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi: "I got my hair cut", "I got my phone repaired", "We're getting the house painted". Mpangilio huo usiuchezee, kwa sababu "I got cut my hair" haieleweki, na "I got cut" ni nimejikata au nimekatwa, na utaulizwa kama umewahi hospitali.

Mpangilio huo huo hubeba pia mabaya: "He got his wallet stolen" ni ameibiwa pochi. Hakutuma mtu amwibie. Muktadha ndio unaoamua kama ni huduma au ni msiba.

Ukimtaja mtu anayefanya kazi, umbo hubadilika. "I got him to sign" ni nilimfanya atie sahihi, na ndani yake mna kushawishi, kubembeleza, pengine kumzungusha hadi akakubali. Linganisha na "I made him sign", ambayo ni nilimlazimisha. Angalia pia kwamba get inataka to kabla ya kitenzi, make haitaki. Wanafunzi wazuri kabisa huzichanganya hizi mbili na kuandika "I got him sign". Ukiandika barua, rudi uangalie hiyo to.

Hatua ya saba: get na vijineno vyake

Up, on, off, over, by, at. Hapa watu hukata tamaa, na sioni sababu, kwa kuwa vingi ni vya mwili na mwendo tu. Get up, inuka au amka. Get out, toka. Get back, rudi. Kwa vyombo vya usafiri kuna kanuni ndogo inayosaidia: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, ni get on na get off. Gari dogo, ambalo huna budi kuinama na kujikunja, ni get in na get out of.

Vilivyobaki ni vya mafumbo, na njia pekee ni kuvifunga na maneno yetu ambayo tayari yana ladha ile ile. Mimi nimevifunga hivi. Get by ni kusukuma siku: hela haitoshi lakini hulali njaa. Get along with mtu ni kuelewana, kupatana naye, na hiyo "patana" tazama ilivyokaa vizuri. Get over ni kupona, ugonjwa au jeraha la moyo. Get rid of ni kuondokana na kitu. Get away with ni kufanya kosa kisha ukasalimika, usiguswe: "He lied and got away with it." Get around to ni hatimaye kupata wasaa wa jambo uliloliahirisha sana. Na "What are you getting at?" ni swali la mtu aliyechoka mafumbo yako: unataka kusema nini hasa?

Usivikariri vyote kwa siku moja. Vitatu kwa wiki, kila kimoja ukitungie sentensi ya jambo lililokutokea kweli, vinatosha.

Hatua ya nane: "have got" na "gotten"

"I've got a car" ni nina gari. Ni sawa na "I have a car", na habari ya kupata haimo tena. Waingereza wanaipenda sana kwenye mazungumzo.

Marekani wamehifadhi umbo la zamani gotten, ambalo Uingereza limebaki karibu tu kwenye ill-gotten, yaani kilichopatikana kwa njia ya haramu. Kwa Mmarekani, "I've got the tickets" ni tiketi ninazo, na "I've gotten the tickets" ni nimefanikiwa kuzipata. Mwingereza husema "got" kwa zote mbili. Chagua upande mmoja, usiruke huku na huku ndani ya barua moja.

Hatua ya tisa: sikio na kalamu

Kwa sikio, hasa ukisikiliza Wamarekani: t ya get ikifuatwa na irabu hulainika ikakaribia r yetu ya kugusa ulimi. "Get it" inasikika kama "gerit", "get out" kama "geraut", "get up" kama "gerap". Wengi hudhani hawajui neno, kumbe wanalijua, ila limevaa nguo nyingine.

Kwa kalamu: get si tusi, kama baadhi ya walimu walivyotutisha, lakini ni neno la mazungumzo. Kwenye barua ya kuomba kazi au ripoti ya ofisi, zile maana ulizozipambanua hapo juu ndizo zitakazokupa neno rasmi. Kama get yako ni ya kupokea, andika receive. Ya kufika, arrive. Ya kuingia katika hali, become. Ya kutendwa, was au were. Ya kununua, buy inatosha kabisa; purchase iache kwa wanasheria. Kwenye ujumbe kwa rafiki, rudisha get zako zote, la sivyo utasikika kama tangazo la serikali.

Sasa jipime kwa sentensi moja. Mtu ana rafiki anayeelezwa jambo kila siku na haelewi, naye anasema: "I've got to get him to get it."

Get ya kwanza ina 've mbele na kitenzi baada yake: ni lazima. Ya pili ina mtu, kisha to na kitenzi: ni kumfanya. Ya tatu ina it peke yake, na hakuna mlango uliogongwa wala simu iliyolia: ni kuelewa. Sina budi kumfanya aelewe.